Kache na Taa Nyeupe

Wasikilizaji wapendwa, salaam. Aliye jikoni apunguze moto, aliye dukani amwombe mteja subira. Leo nina mtu wa kuwakumbusha.

Leo sikuletei mheshimiwa wala mwimbaji. Nakuletea Kache Baya, mpiga picha za nyota, mzaliwa wa Ganze. Kache aliuawa kwa mapanga huko Junju, miaka miwili kamili leo. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Kache Baya, miaka ishirini na sita, mapanga, Junju. Na waliomuua hawakuwa wamemfuata yeye. Walimfuata babu yake, Mzee Mangi. Mzee Mangi yu hai.

Mama mmoja alinipigia simu juzi, akaniambia nikizungumza habari hii niweke hasira pembeni. Mama, nimejaribu. Haikai pembeni.

Tuanze Ganze. Mnaijua Ganze. Maji ni ya kufuata, hayakufuati wewe. Kache akiwa mdogo aliamka alfajiri na babu yake, madumu begani, wakaenda bwawani mwendo wa saa nzima. Njiani aliogopa fisi. Basi Mzee, ili mtoto anyamaze, akamwambia atazame juu. Akamwonyesha Kilimia, zile nyota ndogo zilizojikusanya pamoja. Akamfundisha wanavyosema wakulima: Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Kache akasahau fisi.

Msidhani Mzee Mangi ni mpole. Hata kidogo. Ni mbishi, anagombana na mbuzi, anagombana na chifu, na mara mbili amenipigia simu hapa studio kunigombeza kwamba nasoma matangazo ya vifo haraka kama ninayekimbizwa. Lakini kwa mjukuu huyu alikuwa laini. Kache alimwita tsawe, ndiyo babu kwa Kigiriama, na alipoitwa hivyo ubishi ulimwisha.

Kache alisomea kompyuta Malindi. Akawa anatengeneza tovuti za nyumba za wageni na kupiga picha za harusi. Kamera yake aliinunua kuukuu kwa mpiga picha mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Mchana maharusi, usiku nyota. Akajitengenezea tovuti yake, akaiita Anga ya Ganze, na ndani yake akafungua ukumbi wa kila apendaye mambo ya anga. Hakutarajia wengi. Walikuja watu elfu tatu. Walimu, mabaharia, mafundi cherehani, watu wasioonana uso kwa uso, wanaoamka kuulizana kama mwezi wa jana ulikuwa na duara.

Mmoja wao ni Njenga, dereva wa lori. Njenga akilaza gari Mariakani hupiga picha ya mwezi kwa simu. Picha yake ya kwanza, nimeiona, mwezi ulifanana na chapati iliyoungua. Kache hakumcheka. Alimwandikia taratibu namna ya kuegemeza simu kwenye bampa isitikisike. Njenga naye akampa jina, Mama Anga, na jina likashika.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yanapofungana. Kache aliweka sheria mbili ukumbini.

Sheria ya kwanza: kila picha iandikwe mahali ilipopigwa. Kuna bwana alileta picha ya mlima wa ng'ambo akasema ni Ganze. Na mlima wenyewe una theluji! Tangu hapo Kache akasema picha isiyo na mahali ni porojo. Akatengeneza ramani kwenye tovuti. Ukiandika mahali, alama inajiweka yenyewe, hadi kwenye ua wa nyumba.

Sheria ya pili: kamera ikishafumbua jicho kutazama nyota, ni mwiko kuwasha taa nyeupe. Taa nyeupe inaharibu picha na kuyapofusha macho. Mtu atumie taa nyekundu tu. Siku moja walikutana ufukweni Ngomeni, Njenga akawasha tochi ya simu kutafuta kiatu chake. Wanasema Kache alimwambia kwa heshima zote kwamba amemchomea kazi ya saa nzima. Njenga alitembea kiatu kimoja hadi kwenye gari.

Sheria mbili. Andika mahali. Usiwashe taa nyeupe. Zishikeni.

Kila likizo Kache alikwenda Ganze kupiga picha shambani kwa babu, taa nyekundu mkononi. Majirani wakaiona. Hawakuuliza. Na mwaka ule mtoto mmoja wa boma la pili akafa kwa homa. Boma lile ni la kina Dena, mwana wa Kalama, mjukuu wa ndugu yake Mzee Mangi. Dena na Mzee walikuwa na mgogoro wa shamba. Na ni Dena aliyesimama matangani, mbele ya watu, akauliza ile taa nyekundu inayowaka usiku shambani kwa Mzee ni ya nini.

Wasikilizaji, Dena alijua ni ya nini. Kache ndiye aliyemfundisha Dena kupiga picha na kumwingiza ukumbini. Taa ile Dena aliwahi kuishika kwa mkono wake, akimmulikia Kache vifungo vya kamera. Alijua, na aliuliza. Neno uchawi hakulitamka yeye. Aliwaachia wengine walitamke.

Haukupita mwezi, wakamjia Mzee Mangi wakati anafungia mbuzi. Panga la kwanza alilikinga kwa mkono wa kushoto. Vidole vitatu vilibaki zizini. Nyumba ikatiwa moto, na mwanamke mmoja jirani ndiye aliyemburuta Mzee hadi kwenye mahindi. Alilala humo akisikia makuti yake yakipasuka kwa moto, na watu wakimtafuta kwa jina lake.

Huku kwetu mvi zimekuwa hati ya kifo. Mnajua na mimi najua, tusifichane. Kuna shamba, kuna mzee, na kuna watu wenye haraka. Wazee wanapaka nywele piko, ile rangi nyeusi ya maharusi, ili waonekane vijana wasiuawe. Kache alipomtoa babu hospitali alimpaka piko kichwa kizima. Mzee alinung'unika kwamba uzeeni anafanywa bwana harusi na mke haonekani. Kisha Kache akampeleka Junju, kwa siri, kwa rafiki yake wa ukumbini, Nyakio Thuku, fundi cherehani. Watu wanne tu walijua: Kache, mama yake Kahaso, Nyakio na Mzee mwenyewe. Maisha ya Mzee yalining'inia hapo, kwenye vinywa vinne.

Alikaa Junju miezi minne. Nyakio ananiambia Mzee aligombana na githeri yake tangu siku ya kwanza, akitaka kujua ni nani aliyechemsha mahindi na maharagwe akasahau nazi. Lakini sahani alirudisha tupu. Kila Jumamosi Kache alikuja kutoka Malindi, akambadilisha babu kitambaa cha mkono, akampaka piko mvi zilizochomoza, wakakaa nyuma ya nyumba kutazama Kilimia.

Jumamosi moja ya Februari alipiga picha ya Kilimia juu ya paa la Nyakio. Ilikuwa nzuri mno, na kizuri hukiweki sandukuni. Akaiweka ukumbini. Mahali hakuandika. Alijua hatari.

Njenga akaiona. Njenga hakujua lolote, nasema tena, hakujua lolote. Akamtania mbele ya watu elfu tatu: "Sheria ni msumeno, Mama Anga." Watu wakacheka. Wakaanza kumdai mahali. Na Kache, aliyewafutia wengine picha kwa kosa lilelile, aliona haya. Akaandika Junju. Junju ni kubwa, alidhani. Lakini ramani aliitengeneza yeye mwenyewe, na ramani yake haikujua kuficha. Ilisoma mahali palipohifadhiwa na kamera ndani ya picha, ikaweka alama juu ya paa la Nyakio.

Baada ya saa mbili alishtuka, akaifuta. Saa mbili tu. Walioipenda picha walikuwa wameacha alama ya moyo. Mmoja wao alikuwa Dena.

Jumamosi iliyofuata Kache alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye mihogo ya Nyakio, kamera juu ya miguu yake mitatu, jicho limefumbuliwa. Kamera ilijipiga yenyewe, picha baada ya picha. Ndani walikuwamo Nyakio na Mzee. Watu watatu wakaruka ua. Walimpita Kache hatua kumi hivi. Hawakumwona. Nataka mlielewe hili. Hawakumwona, na angeweza kulala chini kwenye mihogo akabaki hai hadi leo.

Wakaanza kuupiga mlango. Nyakio alisukuma cherehani lake akaliegemeza mlangoni, yeye akaegemea cherehani. Panga likapenya ubao, likamchana bega. Ubao wa pili ukang'oka. Mkono ukaingia kutafuta komeo, Nyakio akauchoma kwa mkasi wa kukatia nguo. Ubao wa tatu ukalegea. Nyakio anasema moyoni alikuwa ameshaiaga dunia.

Ndipo Kache akawasha taa nyeupe.

Ile aliyotukataza sote. Aliiwasha kamera ikiwa wazi, akawamulika usoni, akaita: "Dena wa Kalama! Geuka nikuone."

Wakageuka wote watatu. Mwanga ulikuwa mkali, wakasimama wameduwaa, mapanga mkononi. Kache hakukimbia. Aliishikilia taa. Wakamwacha Mzee ndani, wakamwendea yeye. Alikatwa begani, akaishikilia. Alikatwa mkono, taa ikaanguka, akaiokota kwa mkono wa pili, akawamulika tena. Alikatwa kichwani. Hapo taa ikazimika.

Mzee Mangi alitoka kwa kupitia ule ubao uliovunjika, na mchi wa kutwangia, kwa mkono wenye vidole viwili. Alimvunja mmoja mguu. Mayowe ya Nyakio yakawaleta majirani, wawili wakakimbia. Kache alifia garini, kabla ya kufika hospitali, kichwa chake mapajani mwa babu. Nilimuuliza Mzee kama Kache alisema neno. Akaniambia aliuliza mlango kama umeshika.

Kulipokucha Njenga alifika kutoka Mariakani. Aliikuta kamera ingali imesimama kwenye mihogo. Betri ilikuwa imekwisha, lakini picha zilikuwamo, mia mbili na kumi na nne. Nyota, nyota, nyota. Kisha picha moja ina nyota juu, na chini nyuso tatu wazi kama za kitambulisho. Dena yuko katikati. Picha hiyo ilionyeshwa mahakamani, na mwaka jana wote watatu walitiwa hatiani.

Je, Kache aliwasha taa kwa kusudi, ili kamera iwaone? Nilimuuliza Nyakio. Akasema: "Kache hakuwahi kuwasha taa nyeupe kwa bahati mbaya. Hata mara moja." Mimi nimeishia hapo. Ninyi pimeni wenyewe.

Njenga hakuweza kuja studio. Alijaribu, akafika mlangoni, akarudi garini. Maneno yake matano ya utani hayajamtoka kooni. Siku ya mazishi alipiga magoti mbele ya Mzee Mangi. Mzee akamwambia ainuke asichafue suruali. Akamwambia: "Wewe ulimtania. Dena alimwinda. Usijipe kazi ya Dena."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote wa hapa redioni, natoa pole kwa mama yake, Bi Kahaso, aliyemzaa mtoto huyu mmoja tu. Pole dada Nyakio, na bega lako. Pole Njenga, popote ulipolaza lori. Pole wana ukumbi wa Anga ya Ganze. Nimeambiwa mmeiondoa ile ramani, na picha zenu sasa zinaandikwa neno Pwani, basi.

Nawaomba jambo moja. Leo, ukimaliza kunisikiliza, mtazame mzee wa nyumbani kwako. Kama nywele zake ni nyeusi kuliko zako, muulize anamwogopa nani. Na akikutajia jina, hata liwe la mwanao, usilimeze.

Wiki iliyopita nilimfuata Mzee Mangi Ganze. Ndiyo, amerudi shambani kwake, amejenga palepale palipoungua. Nilimkuta ameketi mlangoni, kichwa cheupe pe. Nikamwambia Mzee, mbona hupaki piko, hali bado si nzuri. Alinigombeza kwanza, kama kawaida yake, kwamba nimepita bila kusema shikamoo. Nikatoa shikamoo. Akaitikia marahaba. Kisha akashika zile mvi kwa vidole vyake viwili.

"Mtoto aliwasha taa ili aonekane yeye," akasema. "Mimi nijifiche kwa piko?"

Swali hilo nimelichukua. Nimerudi nalo hapa studio, nawakabidhi ninyi.