Ukurasa wa Mwisho ni wa Marehemu Tu

BUCHA: Haloo? Ni nani? Sema haraka, mkono mmoja una shoka.

SINDANO: Ni mimi, shemeji. Sindano.

BUCHA: Aaa, mshonaji wetu! Mbona namba ngeni?

SINDANO: Simu ya Nesi hii, yangu imezima. Habari za kazi?

BUCHA: Mimi mzima. Ng'ombe ndiye hali yake si nzuri. Nusu iko ndoanoni, nusu iko kwenye gogo, ulimi uko—

SINDANO: Shemeji, salio la bibi wa watu ni dogo. Uko peke yako dukani?

BUCHA: Peke yangu kama jino la mtoto. Sijui leo mtaa mzima umeamua kula majani! Tangu nifungue hajaingia mtu. Hata paka kahama.

SINDANO: Watakuja tu.

BUCHA: Waje. Enhe, kile kitabu nilichokupa juzi, ulimfikishia Nesi?

SINDANO: Nilimfikishia. Na karatasi yake ya mfuko wa saruji uliyokifungia, na alama zako za vidole vya mafuta. Ukurasa mmoja hadi mwingine, kama umekikaanga.

BUCHA: (anacheka) Si nilikuwa nasoma huku nakata! Riwaya ile ina nguvu, wewe. Mimi si msomaji, unanijua, nasoma mizani tu. Lakini mle ahera mle! Wale wafu wamekaa kwenye mabenchi, wanasubiri, na yule karani haiti jina la mtu mpaka—

SINDANO: Mpaka aliyemtoa duniani alitaje jina lake kwa kinywa cha kweli.

BUCHA: Hapohapo! Siku tatu sikulala.

SINDANO: Na ule utaratibu wetu uliufuata? Ukimaliza, unaandika nyuma?

BUCHA: (mtandao unakoroma) ...nini?

SINDANO: Ukurasa mweupe wa mwisho, shemeji. Kila msomaji anaandika jina la marehemu mmoja atakayemtafuta akifika kule, na neno atakalomwambia. Mwalimu kaandika baba yake. Mimi nikaandika mama. Wewe?

BUCHA: Ee, si... niliandika. Mambo ya utani tu. Mimi nilikuwa wa mwisho, kikitoka kwangu kinarudi kwa mwenyewe. Na Nesi, Mungu amponye macho yake, haoni hata chungu kikiungua.

SINDANO: Ndiyo maana ukaandika ulichoandika.

BUCHA: (chuma kinasuguliwa)

SINDANO: Shemeji?

BUCHA: Niko. Nafuta kisu.

SINDANO: Hivi wewe, kipofu ulidhani anasomaje? Analamba kurasa?

BUCHA: Sindano—

SINDANO: Anasomewa, shemeji. Kila alasiri nikishafunga cherehani naenda kumsomea. Juzi nikaanzia nyuma, maana anapenda kusikia watu wameandika nini. Nikamsomea baba wa Mwalimu, nikamsomea mama, nikafika kwako. Nikasoma kwa sauti, kabla akili haijanifika mdomoni: "Mlingoti. Nitamwambia: usingechungulia."

BUCHA: Utani ule.

SINDANO: Mlingoti alifanya kazi kwako miaka sita. Ukatuambia amepanda lori, ameenda kutafuta maisha. Ndugu yake miaka mitatu anatuma salamu kwa kila dereva anayepita. Wewe ukamwandika kwenye ukurasa wa marehemu.

BUCHA: Niliwaza tu labda... mtu akikaa kimya miaka mitatu, si... Ukurasa uko wapi sasa?

SINDANO: Nesi alisema kuna msomaji mmoja tulimsahau kwenye zamu.

BUCHA: Nani?

SINDANO: Unamwona. Angalia barabarani.

BUCHA: Yule si Cheche? Mbona kabeba nyundo?

SINDANO: Ile kubwa au ile ndogo?

BUCHA: Unanicheka? Umempa Cheche kitabu? Umempa mchoma vyuma yule, ndugu wa—

SINDANO: Alisoma ukurasa mmoja tu. Msomaji mvivu.

BUCHA: Ngoja nifunge geti. Ngoja— (mlio wa komeo) We Cheche! Cheche, tuongee kama— (kishindo) Toba! Kapiga! Sindano, kapiga geti, mizani imeanguka!

SINDANO: Ni geti zuri. Alilitengeneza mwenyewe.

BUCHA: Mpigie! Mpigie umwambie ni— (kishindo) Toa mkono! Toa mkono Cheche, nitaukata, wallahi nitauka— (kishindo, ukelele wa mwanamume)

SINDANO: Shemeji? Haloo?

BUCHA: (anahema) Nimemkata. Kapitisha mkono kwenye nondo avute komeo, nimelishusha shoka. Viwili. Vidole viwili viko huku ndani, viko kwenye sahani ya mizani. Mwambie arudi nyumbani!

SINDANO: Ana vingine vinane.

BUCHA: Wewe ni mtu kweli?

SINDANO: Nakuuliza wewe hilo. Ameondoka?

BUCHA: Kafunga kiganja kwa shati. Anavuka barabara... anaenda kwa kinyozi. (anacheka kwa kuhema) Kashindwa! Kaenda kuomba msaada. Si nilikwambia? Mimi nimekata mafahali, sembuse—

SINDANO: Tazama vizuri anachoomba.

BUCHA: Kinyozi anamtolea waya. Waya mrefu wa... anamchomekea ile mashine yake ya kukatia vyuma! Kinyozi! Jirani yangu! Mteja wangu wa maini kila Jumamosi, ananitolea umeme nikatwe!

SINDANO: Ukurasa umesomwa saluni nzima, shemeji. Hata walionyolewa upande mmoja wakasubiri upande wa pili ndani ya simanzi.

BUCHA: Ndiyo maana hawakuja kununua nyama.

SINDANO: Wangeila vipi?

BUCHA: (mlio mkali wa chuma) Anakata bawaba ya chini! Amejuaje kuwa ile ndiyo dhaifu?

SINDANO: Si ndiyo aliyokwambia atarudi kuimalizia?

BUCHA: Miaka minne namkumbusha!

SINDANO: Basi leo amekuja kuimalizia.

BUCHA: Natoka. Natokea nyuma, nitapita kwenye majokofu. Sindano, nikifika kwako nifiche hata chini ya meza ya kukatia vitambaa, undugu haufi, mimi ni mume wa dada yako— (mgongano) Mlango haufunguki.

SINDANO: Sukuma.

BUCHA: Nasukuma! Kuna komeo kwa nje! Nani kafunga komeo la nje?

SINDANO: Sukuma tena, nisikie.

BUCHA: (mgongano) Unisikie? ...Sindano. Uko wapi?

SINDANO: Nimekaa kwenye ndoo yako ya matumbo, nimeigeuza chini juu. Mgongo wangu uko kwenye mlango. Ulipousukuma sasa hivi umenitingisha.

BUCHA: Fungua.

SINDANO: Kitabu kiko mapajani. Kalamu ninayo.

BUCHA: Fungua, mwanangu! Mashine imeshafika nusu, cheche zinaruka mpaka kwenye nyama!

SINDANO: Nijibu kitu kimoja kwanza. Usingechungulia nini?

BUCHA: Nini?

SINDANO: Ndivyo ulivyoandika. Mlingoti asingechungulia. Alichungulia nini?

BUCHA: Alichungulia... mambo ya duka.

SINDANO: Shemeji, mashine ile haina subira, na mimi nimeiazima yangu kwa jirani. Mlingoti yuko wapi?

BUCHA: (mlio wa chuma)

SINDANO: Haya, niondoke zangu, kitambaa cha watu kinanisubiri—

BUCHA: Shimo la mifupa! Kule machinjioni, kwenye shimo la mifupa. Nani angehesabu mifupa pale? Nilimpiga kwa mgongo wa shoka alipogeuka kunipa kisogo, hakusikia kitu, hakulia hata—

SINDANO: Shoka hilo hilo lililokata vidole vya ndugu yake?

BUCHA: Ni shoka zuri, ningelitupaje? Umesikia sasa, fungua!

SINDANO: Alichungulia nini?

BUCHA: Unajua alichungulia nini!

SINDANO: Sijui. Mimi najua ulichotuambia matangani. Kwamba dada aliteleza kwenye maji ya kuogea. Ukalia mpaka wazee wakakushika. Mimi nikakushonea kanzu ya msiba usiku kucha, sikukutoza hata uzi.

BUCHA: Aliteleza.

SINDANO: Nesi ndiye aliyemwosha, alipokuwa bado anaona. Juzi, niliposoma mstari wako, akaniambia: "Mwanangu, mtu akiteleza anaumia upande mmoja." Basi. Hakuongeza. Nikarudi nikautazama ukurasa. Jina moja tu, shemeji. Mbona uliandika jina moja?

BUCHA: (mtandao unakoroma) ...karibu inakatika...

SINDANO: Wewe uliogopa benchi lile. Ulitaka Mlingoti aitwe na karani ili asiwepo utakapofika. Ukamtaja yeye. Dada ukamwacha amekaa. Miaka mitatu amekaa, shemeji, watu wanaitwa, wanapita mbele yake. Unataka akae mpaka lini?

BUCHA: Ile ni riwaya! Ni karatasi!

SINDANO: Mbona hukulala siku tatu?

BUCHA: (kishindo) Bawaba imetoka. Imebaki ya juu. Sindano, nakuomba, nakuangukia.

SINDANO: Mtaje, nifungue.

BUCHA: Utafungua?

SINDANO: Nimesema.

BUCHA: Alinijibu. Alikuwa na ndoo ya maji, nikamwambia neno, akanijibu. Nikamshika nywele. Pale ukingoni mwa sinki. Ile ya kwanza ilikuwa hasira tu.

SINDANO: Na ya pili?

BUCHA: (mlio wa chuma)

SINDANO: Ya pili, shemeji.

BUCHA: Ya pili alikuwa ananitazama.

SINDANO: (ndoo inakwaruza sakafu)

BUCHA: Nikageuka, Mlingoti yupo dirishani. Alikuwa kaleta maini, dada yako aliagiza maini. Mfuko ukamdondoka. Kesho yake akaja kazini, hasemi, ananiangalia tu mikono. Wiki nzima ananiangalia mikono. Ningefanyaje?

SINDANO: Jina.

BUCHA: Si nimeshasema!

SINDANO: Umesema "dada yako". Karani haiti dada yako. Wako wengi mle.

BUCHA: Nilimuua (mtandao unakoroma).

SINDANO: Mtandao umelimeza. Rudia.

BUCHA: Nasema nilimuua (mlio wa chuma, mtandao unakoroma) kwa mikono yangu! Umesikia? Mke wangu, nilimuua mimi, hakuteleza! Umesikia?

SINDANO: Nimesikia. Si kwenye simu. Nimesikia kupitia mlangoni.

BUCHA: Basi fungua! Fungua, kalishika geti, analitikisa!

SINDANO: Subiri niandike.

BUCHA: Uandike nini sasa hivi?

SINDANO: Jina la dada. Kwa kinywa chako, mwandiko wangu. Nisikosee herufi, kalamu inateleza, mikono ina jasho... Haya. Sasa anaitwa.

BUCHA: Komeo, Sindano! Komeo!

SINDANO: Ukurasa ulibaki na mistari miwili tu. Mmoja ndio huo.

BUCHA: Na wa pili? (kishindo kikubwa) Unaandika nini? Nasikia kalamu, bado unaandika! Unaandika jina la nani?

SINDANO: Ukurasa ule ni wa marehemu tu, shemeji. Tusivunje utaratibu.

BUCHA: Uliapa! Ulisema utafungua!

SINDANO: Nitafungua. Lazima nije kuosha sakafu, ni damu ya ndugu wa watu.

BUCHA: Cheche! Cheche, weka chini, tazama, nimeweka shoka, nimeliwe— (geti linaanguka) Sindanoo!

SINDANO: Nipo. Salio linaisha, nasikia linanilia sikioni. Ukifika kule usipite haraka, tazama kwenye mabenchi. Kama karani bado hajamwita, msalimie dada. Mwambie yale maini aliyoagiza— (simu inakatika)