Bwana Bahasha, Mtu Asiyekaa

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, jikoni, gereji, au kitandani na mafua, hamjambo. Leo tunamkumbuka fundi bomba. Narudia, fundi bomba, maana mtaani kwake wengi hawakumjua kwa kazi hiyo. Walimjua kwa jina la Bwana Bahasha. Tumemzika wiki iliyopita.

Huyu alikuwa mtu wa mbio. Ukimwita kuziba bomba, alikuwa mlangoni kabla hujaweka simu mezani. Alikula amesimama. Chai aliinywa nusu, nusu ikabaki inapoa kwenye kizingiti cha dirisha la wenyewe. Na kazi ikiisha, huku bado anafuta mikono, aliuliza swali lake lile lile: "Hamna bahasha za zamani humu ndani?"

Watu walicheka, wakampa. Mkewe ananiambia, "Bomba la jikoni kwetu lilivuja mwaka mzima. Mganga hajigangi. Lakini bahasha, hata ya bili ya jirani, aliifuata mpaka jalalani."

Alikuwa anakusanya stempu. Niwaeleze kidogo kazi hiyo, maana wengine mmezaliwa na simu mkononi. Stempu ya posta imegandishwa kwa gundi. Ukiibandua kwa kucha, umeichana. Kwa hiyo unakata kipande cha bahasha kuizunguka, unaacha ukingo ili meno yake yasiguswe. Unakilaza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Unangoja. Gundi ikilainika, stempu inateleza yenyewe na kuachana na karatasi. Unaisuuza mgongo mpaka utelezi uishe, unailaza kifudifudi juu ya gazeti kuukuu. Ikikaribia kukauka huanza kujikunja, basi unaikandamiza ndani ya kitabu kizito.

Kazi ya mtu mtulivu, sivyo? Sasa mpe huyu wetu!

"Nyumba yangu ilikuwa ya marufuku," anasema mkewe. "Feni marufuku. Dirisha marufuku. Mgeni akitaka kupiga chafya, tunamtoa nje. Na mwenyewe anazunguka meza kama vile kuna mtu anajifungua chumbani. Namwambia, mume wangu, kaa. Anasema, nitakaa zikikauka. Zikikauka, anatia nyingine majini."

Kuna jambo moja mkewe hakulielewa. Kabla ya kuloweka bahasha yoyote, mumewe aliipeleka kwanza kwenye mwanga. Stempu hakuiangalia. Aliangalia anwani. Aliisoma polepole, yeye asiyefanya lolote polepole. Mama wa watu akaingiwa na wivu, na anakiri mwenyewe. Ni nani huyu anayetafutwa?

Jibu tumelipata kwa dada wa marehemu. Ni mdogo wake, fundi cherehani, na kwa upande wa mama yao amebaki peke yake.

Baba yao alikuwa mwandishi wa barua. Alikaa na kijimeza chake nje ya posta, akiwaandikia wasiojua kuandika na wale ambao mwandiko wao ulimchosha hata tarishi. Kisha akaugua, akapelekwa hospitali ya mbali. Kutoka huko alituma bahasha moja. Ndani kulikuwa na utepe wa nywele, barua hakuna. Juu yake, kwa wino wa buluu, aliandika jina la binti yake, jina kamili, kama mtu mzima. Baba hakurudi. Familia ikahama, ikahama tena, vitu vikapotea huku na huku. Ikabaki bahasha ile, chini ya godoro la mtoto wa kike.

Kaka mtu wakati huo alikwisha pagawa na stempu. Ile ya kwenye bahasha hiyo hakuwa nayo. Alibembeleza mpaka dada akachoka. "Haya, chukua stempu," akamwambia, "lakini bahasha yangu unirudishie nzima."

Nzima! Sikilizeni kosa lilivyoingia, wasikilizaji. Angekata kipande kama kawaida, bahasha ingetoboka. Kwa hiyo hakukata. Kwa moyo mweupe kabisa aliizamisha bahasha yote katika beseni. Kungoja hakuweza, akatoka kucheza. Aliporudi, maji yalikuwa ya buluu.

Aliitoa. Akaikausha kwa uangalifu wote aliokuwa nao, kifudifudi, juu ya gazeti. Akaikandamiza ndani ya kitabu. Akamrudishia dada yake bahasha nzima, imenyooka, nyeupe.

"Sikumpiga, wala sikumsemea kwa mama," anasimulia dada. "Nilimuuliza tu, kaka, jina langu liko wapi?"

Wangepigana, labda yangeisha. Yeye alikua na swali lile. Dada akaolewa, akawa na nyumba yake na cherehani yake. Kaka alikuja kila wiki. Akaziba mabomba yake yote bila kuombwa. Lakini kukaa, hakukaa. "Karibu kiti, kaka." "Napita tu." Miaka yote hiyo, napita tu. Nakiri inaniudhi hata kuisimulia. Kiti kipo, mwenye nyumba anakaribisha, na mtu amening'inia mlangoni na mkoba wa spana!

Alichokuwa anakitafuta katika nyumba za watu ni mwandiko wa baba yake. Mzee aliwaandikia watu wengi, na barua zikasambaa miji mingi, hivyo pengine bahasha moja ilisalia katika kopo fulani, juu ya kabati fulani. Stempu alizipenda, ndiyo. Ila zilikuwa kisingizio cha kuingilia.

Mwaka jana akaitwa kwa bibi mmoja, mjane wa mwenye duka, sinki limeziba. Akauliza swali lake. Bibi akatoa kopo la biskuti. Humo mlikuwa na bahasha ya zamani, wino wa buluu, muhuri wa posta ile ile aliyokaa baba. Hakunawa hata mikono. Akakimbia mpaka kwa dada yake.

"Alisimama mlangoni, tope mpaka kwenye viwiko, anahema," dada anasema. "Siku hiyo ndiyo akanieleza yote. Halafu akanyoosha ile bahasha. Ni yeye? Nikavaa miwani. Nikaangalia sana. Nikasema, ndiyo, kaka, ni mwandiko wa baba. Akaniuliza tena, una hakika? Nikamwambia, tazama hii herufi ya kwanza, nani mwingine aliikunja hivi?"

Akaingia. Akakaa kiti cha pembeni ya cherehani. Akanywa chai mpaka majani ya chini, akaomba nyingine. Kisha usingizi ukamchukua pale pale, mdomo wazi. Dada akaondoa mguu kwenye pedali, asimwamshe. Tangu hapo alikuja na kukaa kila wiki, mpaka moyo wake uliposimama.

Nilimuuliza dada, ulijuaje kwamba ni wa baba? Akavua miwani. Kisha akasema, "Sikujua, mwanangu. Nilikuwa mtoto. Naukumbuka wino tu. Ile herufi niliitunga pale pale. Nilitaka kaka yangu akae."

Nikamuuliza kama naruhusiwa kuyasema haya hewani. Akajibu, "Yaseme. Si ajabu yuko mwingine kama yeye."

Mama fundi cherehani, poleni sana, wewe na wifi yako na watoto wote. Mungu awape subira. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kabla hamjazima redio, fikirini. Katika familia yako, ni nani anayekimbia huku na huku akitafuta cha kukulipa, na wewe ulikwisha msamehe zamani, ila hukumwambia? Mpigie simu leo. Akisema anapita tu, mkatalie.