Hamo Seremala na Paa Lisilokwisha Kuezekwa

Marehemu Hamo, tuliyemwita sote Hamo Seremala, alizaliwa hapa hapa Aldercote tarehe 11 Novemba 1340, sikukuu ya Mtakatifu Martin. Alizaliwa mtwana wa bwana wa shamba, asiyeruhusiwa kuhama, kama baba yake na babu yake. Tauni ya 1349 ilimwachia mjomba mmoja tu.

Shule hakuiona. Mjomba alimpa shoka, akamfundisha kupasua mwaloni uliopinda ili apate pacha wawili, wasimame wakiegemeana kutoka chini mpaka kilele cha paa. Katika nyumba ya kwanza aliyomjengea mtu alichanganya pacha wa miti miwili. Nyumba ikasimama upande, na mwenye nyumba, Mama Gunnora, akamwambia, "Wee mtoto, nimekuomba nyumba, umeniletea mlevi!" Marehemu alicheka kisa hicho mpaka uzeeni.

Aliposifika, fundi mmoja wa mjini Hereford alimtaka akafanye kazi kwake. Marehemu alimwomba bwana ruhusa mara tatu, akakataliwa mara tatu. Miti ni ya bwana, ardhi ni ya bwana, na mikono yake pia. Iliuma, tusidanganyane.

Alifunga ndoa na Ivetta, dada yangu mimi ninayesoma wasifu huu, tarehe 8 Juni 1366. Mwaka uliofuata tulivuta kamba kijiji kizima tukaisimamisha nyumba yao: jozi nne za mwaloni, vigingi vya mbao bila msumari hata mmoja, kuta za fito zilizokandikwa udongo, moto katikati ya sakafu na moshi ukijitafutia njia kwenye mabua ya paa. Nyumba nzuri! Lakini yeye alikuwa akiniambia, "Shemeji, nimejijengea tundu langu mwenyewe." Ivetta alitangulia mwaka 1389, akiacha Thurstan na Sabina.

Tarehe 29 Septemba 1397 Thurstan alitorokea mjini. Sheria twaijua: mtwana akikaa mjini mwaka na siku moja bila kukamatwa, yu huru. Basi kila Odo, nyapara wa bwana, alipoonekana barabarani, Sabina alivaa nguo za kaka yake, akapanda paani kuezeka.

"Hamo! Paa gani hili, haliishi? Mwite Thurstan ashuke!"

"Akishuka, bwana, mvua itaninyea kitandani. Panda wewe umsaidie."

Odo, kwa unene ule, hakupanda.

Kifua kilianza kumbana marehemu mwezi Agosti. Alijua akifa tu, mrithi wake, Thurstan, ataitwa mbele ya baraza la bwana, na asipoonekana wapanda farasi watatumwa kumsaka. Kwa hiyo akakataa kufa. Jamani, mtu yule alipigania kila pumzi! Asubuhi ya Jumanne, tarehe 1 Oktoba 1398, Sabina alimwambia, "Baba, mwaka na siku moja vimetimia jana."

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika, baba."

Akafumba macho.

Ameacha binti, Sabina, anayerithi nyumba ile pamoja na utwana wake, na kesho atajibu mbele ya baraza kwa kupanda paa akijifanya kaka yake. Hana pa kukimbilia. Mlango wake una mlinzi tangu jana. Ameniacha mimi, shemeji yake. Na ameacha mwana, Thurstan wa Hereford. Bwana Odo, wewe uliyesimama hapo nyuma, kaandike vizuri: mtu huru.

Pumzika, Hamo. Huko uliko nyapara hafiki.