Mizinga Minane ya Mama Ezekieli

Nawasalimu kwa jina la Yesu, aliyenirudisha nyumbani! Haleluya!

Ndugu zangu, mnanijua. Miguu yangu haikujua kutulia. Nimepakia magunia Manyovu, nimelima vibarua Kibondo, na kila mahali nilikuwa naikumbuka harufu ya moshi wa jikoni kwetu Nyakitonto. Lakini kurudi niliogopa, kwa sababu ya dhambi yangu.

Kiangazi kimoja niliingia porini kuiba asali. Niliwasha mwenge wa nyasi kufukuza nyuki, upepo ukaudaka moto. Mizinga minane ikateketea! Ilikuwa ya Mama Ezekieli, mjane, na asali ile ndiyo iliyokuwa ikilea watoto wake. Nikakimbia miaka tisa.

Nilirudi kumzika mama yangu. Vijana wakanikamata pale pale makaburini. "Polisi! Afungwe!" Ndipo mjane akasimama.

"Akifungwa, nani atanichongea mizinga? Huko gerezani wanafuga nyuki?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Mbele ya mwenyekiti wa kitongoji akanitaka niseme kwa kinywa changu nilichomfanyia, na watoto wake wakisikia. Nilisema, nikalia. Kisha akatoa sharti: nichonge mizinga minane, niitundike, na nisiondoke mpaka yote iingie nyuki.

Kuchonga ni kazi ya mikono. Lakini nyuki, nani awezaye kuwaamuru? Kila asubuhi nilipita kwake. "Mwakeye, mama," namsalimu. Naye: "Mwakeye, miguu! Bado upo?"

Msimu wa pili ulifika, saba imejaa, wa nane mtupu. Uvumilivu ukaniishia. Nikafunga begi, nikafika barabarani, basi la Kibondo likasimama. Kondakta akaita, "Twende, mzee!" Nikawakumbuka wale watoto walivyonitazama siku ile. Bwana Yesu akanishika miguu! Basi likaondoka bila mimi.

Wiki iliyofuata mzinga wa nane ukavuma. Haleluya! Nilipiga magoti chini ya mti ule nikaimba!

Siku ya kurina, Mama Ezekieli alikata sega la kwanza, akaniwekea kiganjani.

"Kula, mwanangu. Hii hukuiba."

Ndugu zangu, nimekula asali nyingi. Ile ndiyo tamu! Sasa nina mizinga yangu mitatu, na miguu imetulia. Asante Yesu!

Kama yuko mtu hapa anayemkimbia mwenzake kwa kosa alilomtendea, asiogope. Yesu atakwenda naye mpaka mlangoni. Baada ya ibada anione. Nitamsindikiza mimi mwenyewe.