Ndugu Wilbrod na Pombe Iliyoganda Siku ya Posa

Jumamosi tarehe 30 Juni 1984, Ndugu Wilbrod Sixtus anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili katika karakana ya shamba letu la vifaranga hapa Kibaha. Uongozi umeniomba mimi, Zahoro Pazi, niandike wasifu wake kwa kuwa nimefanya naye kazi tangu mwanzo. Umeniomba pia niache utani. Hilo la pili limenishinda.

Aliajiriwa mwaka 1962 kama fundi msaidizi, akapanda hadi mkuu wa karakana. Mashine za kutotolesha vifaranga anazijua kwa milio yao. Mwaka 1974 umeme ulipokatika siku mbili, alizunguka na majiko ya mkaa hadi mayai elfu nne yakatotolewa salama. Alipewa cheti na khanga. Kwa nini khanga, hakuna anayejua.

Lakini bingwa huyu aliwahi kukosea. Mwaka 1967 alikuwa na miaka thelathini na minane, hajaoa, na moyo wake wote uko kwa Yosefina, muuguzi wa hospitali ya Tumbi. Baba wa binti, Mzee Telesphory wa Kisarawe, alikuwa na sharti moja: mposaji alete pombe ya mananasi aliyopika mwenyewe, na ifike ikiwa bado inatoa povu. Wawili waliotangulia walileta siki, wakarudi nayo.

Adui alikuwa joto letu. Mara tatu Ndugu Wilbrod alipika, mara tatu ikageuka siki. Ndipo akaliona friji kuukuu la stoo. Alitaka likae kwenye nyuzi ishirini, basi akahitaji themostati, kile kidude kinachowasha na kuzima umeme kwa kufuata joto. Ya friji lenyewe ilipoza mno, hamira ikalala. Akajaribu kuchomoa na kuchomeka waya kwa mkono wiki nzima. Pombe ikaiva vizuri, ila yeye akachoka hadi akampa jogoo shikamoo.

Zikiwa zimebaki siku mbili kufika posa, na pombe isichache, akachagua themostati ya mashine ya kutotolesha. Hoja yake ilikuwa nzito: kama tunaiamini na mayai elfu nne, itashindwa na ndoo moja? Akalegeza skrubu ishuke hadi nyuzi ishirini, akaifunga ndani ya friji.

Jamani, themostati ya mayai kazi yake ni kupasha. Ikiona joto, inazima. Ikiona baridi, inawasha. Friji likagoma kuwaka. Akaipooza themostati kwa kitambaa kibichi, friji likaunguruma. Kadiri lilivyopoza ndivyo themostati ilivyolihimiza lisizime. Yeye akafunga mlango kwa furaha, akaenda kijiji cha Janga kumsalimia dada yake. Aliporudi Jumapili asubuhi, siku ya posa, ndoo nzima ilikuwa barafu.

Mshenga nilikuwa mimi. Nisiyekunywa ndiye niliyekumbatia ndoo ndani ya lori la shamba, imefukiwa kwenye maranda ya vifaranga, mikono imekufa ganzi hadi Kisarawe. Ndugu Wilbrod alilia njiani, nasema kweli. Aliamini Yosefina amempotea.

Tulipofika, vilikuwa vimeyeyuka vikombe vitatu tu. Baadaye tulielewa kwamba kilichobaki barafu kilikuwa maji, na ukali wote ulikuwa vikombeni. Cha kwanza, Mzee alikifuta kwa kidole, akalamba. Cha pili, akatuita sote wanangu. Cha tatu, akamkubali Wilbrod, akamkubali na dereva wa lori, kisha akalala.

Mimi nilitaka tuondoke upesi na jibu letu. Ndugu Wilbrod akakataa katakata. Alikaa pale hadi jioni, Mzee alipoamka akamweleza yote, themostati, barafu na povu lililopotea, akamwomba ajibu upya. Mzee akasema wale wawili walimwapia siki kuwa ni pombe, huyu ameleta pombe na anaapa ameiharibu. Akamgeukia binti yake. Yosefina akasema yeye alishajibu mwaka uliopita, walikuwa wanamngoja baba. Mzee akakubali, akiwa na akili zake zote. Dereva hakukubaliwa tena.

Ndugu Wilbrod, asante kwa kila mashine uliyoifufua. Umeijenga nasi kazi hii, na kuondoka kwako kunaniuma. Nenda kijijini Gwata na Yosefina wako mkapumzike kwa afya na amani. Humu karakanani, kila ulipoharibu ulisema mwenyewe kabla hatujauliza. Kuanzia Jumatatu, itabidi na sisi tuanze kusema wenyewe.