Mwalimu Oloo Anadai Jina

Mwaka wa sabini na tatu, kwenye basi la kwenda Dagoretti Corner, karani aliyekaa mbele yangu alikuwa akisoma kijitabu cha marehemu Mwalimu Oloo, aliyefundisha miaka thelathini kwamba kuzaliwa ni hasara. Mama aliyepakata mtoto mchanga kando yake akakichungulia. "Huyo ni ndugu yangu."

"Nilimwamini, mama. Ndiyo maana sikuoa." Alisema kwa uchovu, kama mtu anayetaja ugonjwa wa zamani.

"Pole. Mwezi huu amemjia binti yangu ndotoni mara tatu. Anataka jina yake ipewe huyu mtoto wake; kwetu marehemu hurudi hivyo."

"Anataka kurudi hapa? Kufanya nini?"

"Muulize," mama akasema, akamwekea mtoto mapajani ili akusanye vikapu vyake.

Basi likasimama. Karani hakuinuka. Oloo alikuwa amemshika kidole.