Kope Zangu Zilimsingizia Mume Wangu

Kina mama wa kikundi chetu, nimeandika kwa karatasi kwa sababu nikiongea nikiwaangalia tu nitaruka pale panaponiuma.

Mnakumbuka kope zangu zilivimba, zikawa zambarau kama za mtu aliyepigwa ngumi. Mmoja wenu akaniuliza polepole, "Mama, ni yeye?" Nikainamisha kichwa. Sikusema ndiyo, lakini nilijua mtaelewa nini.

Mume wangu hajawahi kunipiga. Kunifokea, amenifokea, hiyo nayo niseme.

Mbona nikanyamaza? Ndugu zangu, niliogopa mseme nina ule ugonjwa, ukimwi. Niliona afadhali nionekane nimepigwa. Na mlinihurumia kweli, mkaniletea unga. Kule Spring Valley, ninakofulia matajiri nguo, mikono ilikuwa haifiki tena kwa kamba ya kuanika, na vifundo vya vidole vilikuwa vimetoa vipele. Nikasema ni sabuni.

Yeye naye hapa mtaani kwetu Satellite akawa hasalimiwi. Kinyozi alimwambia, "Mimi sinyoi wapiga wanawake." Halafu watano wenu mkaja mlangoni. "Toka nje, bingwa wa ndondi! Njoo utupige sisi!" Akanitazama nimtetee. Nikatazama sakafu.

Asubuhi akasema, "Vaa. Twende hospitali, daktari aandike ni nani alikupiga."

Daktari hakuuliza mambo ya ngumi. "Mama, inua mikono." Ikakataa. Akakagua vidole, akarudi kwa kope. "Hii si kupigwa. Ni ugonjwa wa ngozi na misuli. Si kila mtu, lakini wengine huwa na kansa ndani. Lazima tutafute."

Wakaipata kwa ovari, kifuko cha mayai ya uzazi, bado haijasambaa. Nikapasuliwa, nikawekewa dawa kwa mshipa. Miezi hiyo yote mume wangu ndiye alinivalisha blauzi, mkono mmoja, halafu mwingine. Mpaka leo hajaniuliza kwa nini nilinyamaza. Ingekuwa heri aulize.

Asanteni kwa unga. Asanteni hata kwa zile kelele za mlangoni, maana bila hizo singefika kwa daktari. Mlimkosea, lakini kosa lilianza kwangu. Sijui kama nina haki ya kufundisha mtu, ila ngozi yako ikibadilika na ikakataa kupona, usiitafutie hadithi. Ipeleke hospitali.

Yeye yuko pale nje kwa geti, ananingoja mkutano uishe. Hakutaka kuingia na simlaumu. Tukitoka nataka nimsomee karatasi hii mbele yenu, kuanzia juu. Nikianza kutazama chini tena, nisukumeni.